Kombokombo za Lukungwe

Mto Elila ulikuwa umefura kwa mvua, na gogo lililoupasua mtumbwi lilitoka chini ya maji, wala hakuna aliyeliona. Odette, mwuza mpunga wa Kindu, alisikia ubao ukivunjika, mara akajikuta anakunywa matope. Aboubakar, mwenye mtumbwi, alipotelea kwenye mkondo akiwa amekumbatia kipande cha ubao. Abiria wa pili, Jules, mnunuzi wa mbao, alikuwa akipiga kelele na kuzama. Odette alimkamata ukosi wa shati, akamkokota mpaka ukingoni. Baadaye angeutukana sana mkono wake uliomwokoa.

Mguu wa Jules ulikuwa umevunjika chini ya goti. Odette alichana kitenge chake, akaufunga kwa fito mbili. Kando ya mto maji yalikuwa yameingia msituni pande zote, njia hakuna. Kilichosalia ni panga lililokuwa kiunoni mwake.

"Mama Odette, niko na kiu."

"Mayi ya mto iko muchafu. Ngoja."

Alimburuta mpaka kwenye mwinuko, na jua likawapiga usoni ghafla. Katikati ya msitu mzee palisimama miti ya kombokombo peke yake, imesongamana. Kombokombo haivumilii kivuli. Huota pale tu watu walipofyeka au moto ulipopita, ikarefuka upesi, ikasimama juu ya mizizi iliyochomoza shinani kama miguu ya kiti, na majani yake mapana yenye vidole hufunika chini kama mwavuli. Haikai miaka mingi. Huanguka, miti migumu ikarudi. Basi hapa waliishi watu, Odette aliwaza, akakata mzizi mmoja. Maji safi yalidondoka ndani ya jani alilolikunja, akamnywesha Jules.

Jules alitazama huku na huku.

"Napajua hapa. Wakati ya vita tulipita. Lukungwe. Wanaume tulibakamata, babebe mizigo. Wengine tulibafungia milango, tukachoma." Alifuta mdomo. "Tulikuwa vijana, Mama. Vita njo vita. Mayi hii iko tamu."

Odette alitazama chini. Kati ya mizizi, karibu na goti lake, palikuwa na jiwe la kusagia, limelika upande wa kushoto tu. Mama yake, Béatrice, alikuwa akisaga kwa mkono wa kushoto. Siku ile ya moto Odette, mtoto mdogo, alikuwa amejibanza nyuma ya mti mkubwa, akimsikia mama akimwita kutoka ndani. Tangu hapo hakuwahi kurudi Lukungwe, kijiji chake.

Chuki ilimpanda. Akachomoa panga.

"Mama yangu alikuwa mu nyumba ya hapa, Jules."

Jules alijaribu kutambaa. Mguu ukamkatalia.

"Mama, unisamehe. Nilikuwa natumwa."

"Na baba? Bale wanaume mulibakamata, mulibazika wapi?"

Jules alitazama panga, akapata akili ya woga. "Ukiniua, hautajua."

Panga lilibaki juu. Odette alitamani kulishusha kuliko alivyowahi kutamani chakula. Kisha akageukia kombokombo ya karibu, akaipiga hiyo kwa hasira yote, na mti ukaanguka upesi, maana mbao zake ni laini na nyepesi, hata mwanamke mmoja huweza kubeba kipande chake begani. Miti ile mizito aliyoinunua Jules ingezama nao. Odette alikata, akavuta, akafunga chelezo kwa kamba za msituni mpaka viganja vikachubuka. Kila shina lilikuwa limeota juu ya nyumba ya mtu aliyemjua.

Alimfunga Jules juu ya chelezo, akakaza kamba kuliko ilivyohitajika. Kilio cha Jules kilimpendeza.

Mto uliwachukua. Walizungushwa, wakagonga miamba, shina moja likachomoka, lakini mengine yakaelea.

"Unanipeleka ku lopitalo, banitibu mguu?" Jules aliuliza.

"Nakupeleka ku bantu."

Pale Elila unapoingia mto Lualaba, wavuvi walikuwa wamejaa ufukweni, maana Aboubakar alikuwa amefika akiwa hai na kuwaita. Watu walishangilia, wakakivuta chelezo. Wengi wao walikuwa manusura wa Lukungwe, waliohamia pale baada ya vita. Mama mdogo wa Odette, Geneviève, alimkumbatia akilia.

"Mama mudogo," Odette alisema, "huyu njo alifunga milango ya Lukungwe. Anajua wapi wanaume balizikwa."

Watu wakamgeukia Jules. Odette alikaa mchangani, panga akaliachia. Kwa mara ya kwanza tangu utotoni hakusikia mtu akimwita kutoka ndani.

Jules aliomba maji. Geneviève alijaza kikombe, akakiweka chini mahali ambapo mkono wa Jules haukufika, akaketi mbele yake, na wajane wengine wakaketi nyuma.

"Utakunywa ukisha kusema balizikwa wapi," alisema. "Anza na bwana yangu."