Nitazamie, Mjukuu Wangu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Damari alimmiminia bibi yake chai, kisha akamsimulia yaliyokuwa nje. Mtoto wa jicho alikuwa amefunika macho yote mawili ya Bibi Sekela, na pale nyumbani kwao Uyole, Mbeya, Damari ndiye aliyekuwa macho yake. "Nitazamie, mjukuu wangu," bibi alikuwa akisema, naye Damari akimwambia kama ukungu umeshuka, au kama jogoo wa jirani amevamia mboga tena.

Kwa hiyo bibi alipopata nafasi ya kupasuliwa jicho hospitalini Iringa, Damari ndiye aliyemsindikiza. Madaktari wa macho walikuwa wageni na wangeondoka jioni ya siku ya pili tangu bibi afike.

Basi lilisimama Makambako ili abiria wale. Bibi alikuwa na masharti yake ya chakula cha safari.

"Tafuta penye sufuria linalofuka, mpishi ananawa, na wenyeji wenyewe wanakula," alisema. "Uzuri wa nyumba usikuhangaishe. Mimi sili nyumba."

Palikuwa na banda la mama lishe, limejaa madereva wa malori wakila ugali na maharage. Lakini ng'ambo ya barabara kulikuwa na hoteli ya vigae, na ndani ya kabati la kioo kuku wa kukaanga walikuwa wamelala juu ya chipsi. Damari alikuwa amekula maharage wiki nzima. Mate yalimjaa mdomoni, akamwongoza bibi hotelini.

"Nitazamie. Kuku ni wa moto?"

Damari aliona nzi wawili wakitembea ndani ya kioo. Sahani ilipoletwa, aligusa paja, likawa la baridi.

"Wa moto, bibi. Anafuka kabisa."

"Ndaga, mjukuu wangu," bibi alishukuru kwa Kinyakyusa. Paja lilikuwa moja tu, na kwa adabu za kwao nyama ni ya mkubwa. Bibi akalimaliza, Damari akala chipsi.

Walipopita Mafinga, bibi alianza kujikunyata. Kisha akatapika, akatapika tena, mpaka dereva akasimamisha basi kando ya msitu. Abiria mmoja alitoa maji, mwingine khanga. Damari alimshika bibi kichwa na hakujua afanye nini zaidi. Zahanati haikuonekana, Iringa ilikuwa bado mbali, na basi lilipoondoka tena, kila kona ilileta miti mingine tu. Alitamani maumivu yale yahamie kwake, lakini hayakuhama.

Hospitalini, Daktari Devota, mmoja wa wale wageni, alimpima bibi, akakunja uso. "Anayetapika hivi hatuwezi kumpasua jicho. Amekula nini?"

"Kuku wa moto," bibi alijibu kwa sauti iliyokauka. "Mjukuu wangu alinitazamia."

Maneno hayo yalimchoma Damari kuliko fimbo. "Hakuwa wa moto," alisema huku akilia. "Alikuwa wa baridi, na nzi niliwaona. Nilitaka chipsi."

 Bibi aligeuza uso wake ukutani.

Bibi alitundikiwa dripu. Kesho yake Damari alikaa kwenye benchi tangu asubuhi, akisikia wagonjwa wengine wakiitwa mmoja mmoja kwenda kupasuliwa. Hakuwa na la kumsaidia bibi, wala hakuna aliyeweza kumwahidi lolote. Saa tisa alasiri daktari alimpima bibi tena. Tumbo lilikuwa limetulia, na bibi akaingizwa wa mwisho.

Wiki moja baadaye, wakirudi Mbeya, basi lilisimama tena Makambako. Bibi aliitazama ile hoteli ya vigae kwa jicho lake lililopona, akawaona nzi mwenyewe.

"Damari, macho yangu yalikuwa mabovu, lakini yaliyonidanganya ni yako mazima," alisema. "Mtu akikuamini akakuuliza ulichokiona, mwambie hicho hicho, hata kama tumbo lako linataka kingine."

"Nisamehe, bibi."

Bibi alifumba macho yote mawili, akanyoosha mkono. "Haya. Nitazamie."

Damari alimwongoza mpaka kwenye banda la mama lishe, akachungulia sufuria. Njaa ilimuuma, na basi lilikuwa karibu kuondoka.

"Maharage yanachemka, bibi. Wenyeji wapo," alisema. "Lakini mpishi ametoka kushika mkaa, hajanawa."

Bibi alitabasamu, macho bado ameyafumba. "Basi tumngoje anawe."