Chokaa Juu ya Ukungu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Lea alikuwa na kazi mbili: kufungua dirisha la chumba alicholala na mdogo wake Peniel, na kutoa magodoro juani. Kazi nyepesi hizo, hata mvivu angezimaliza kabla chai haijachemka. Lakini Lea alikuwa na mambo yake.

Tangu Julai, upepo wa baridi ulipovuma Misigiri bila huruma, alikuwa ameziba kwa matambara matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha, maana yalimpulizia kichwani. Hakumwambia mtu. Baridi ikaisha, matambara yakabaki. Mvua za Desemba zilipoanza, akaacha hata kufungua dirisha, na sare zilizoloana akazianika humo humo chumbani. Haukupita muda, madoa meusi ya ukungu yakatokea ukutani, kando ya kitanda cha Peniel.

Krismasi ilikuwa inakaribia, na nyumba nyingi za pale hupakwa chokaa kabla ya sikukuu. Lea akaomba mwenyewe kupaka chumba chao. Mama akamsifu kwa majirani. Maskini Mama, angejua! Madoa yakafunikwa, ukuta ukawa mweupe pe, na Lea akatundika kalenda juu yake.

Mwaka mpya ulipoingia, Peniel akaanza kukohoa. Kifua kilimbana, akawa anahema kama mtu aliyepanda mlima wa Sekenke kwa miguu. Zahanati walimpa dawa, akapata nafuu, kisha hali ikarudi. Muuguzi akamshauri Mama achunguze mahali mtoto anapolala. Mama akahamisha kuku, akatoa jiko la mkaa, akafua mablanketi yote. Wapi! Mwishowe akaamua Peniel akaishi kwa bibi yake kule Rungwa, na huko huko aanze darasa la kwanza.

Jumamosi mjomba Hosea, fundi mwashi, akaja kumchukua. Peniel alikaa juu ya begi lake, amegoma kula, akawa anamuuliza Lea nani atamfunga kamba za viatu huko. Swali hilo lilimchoma Lea. Akamwamkia mjomba shikamoo, kisha akabaki amesimama pale pale, anasokota pindo la gauni.

"Mjomba," akasema, "kabla hamjaondoka, naomba uje uone ukuta."

Akatoa kalenda. Chokaa ilikuwa imebabuka na ukungu umerudi, mweusi kuliko mwanzo. Lea akaeleza yote, kuanzia matambara hadi chokaa, machozi yakimtoka. Mama alikasirika na wala hakuficha. Alisema yeye alihangaika na kuku wasio na kosa, kumbe ugonjwa umetundikiwa kalenda.

Mjomba akavua koti. Peniel akaambiwa akae nje. Wakubwa wakajifunga vitambaa puani, wakasugua ukuta kwa maji na sabuni, wakauacha ukauke dirisha likiwa wazi. Lea alipanda juu ya stuli, akang'oa matambara yake mwenyewe. Nje, mjomba akachimba mfereji, kwa sababu maji ya paa yalikuwa yanamwagikia chini ya ukuta ule ule na kuulowesha. Safari ikaahirishwa, na Peniel akahamia kwanza chumbani kwa Mama.

Baada ya wiki tatu kifua kilikuwa kimetulia. Peniel akarudi kwenye kitanda chake, na Mama akatoa nguo zote kwenye begi. Alipomaliza akamwita Lea.

"Ukuta ulikuwa unaumwa, mwanangu, wewe ukaupaka poda," alisema. "Nyumba inataka hewa na jua, hasa wakati wa mvua. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Kimya chako kilikaribia kumhamisha mwenzio kwa kosa ambalo si lake."

Lea akaomba msamaha, na akamaanisha.

Asubuhi iliyofuata, kabla hata hajajinyoosha, alisikia sauti kutoka kitanda cha pili.

"Dada, dirisha."

Lea akainuka, akalifungua.