Mafuta ya Waridi kwa Mpuliza Vioo

Uligeuza uso, usikatae. Ulinunua helmeti, ukasifu kioo kisichochubuka, hukuuliza kimepita mikononi mwa nani.

Dereva wa pikipiki naye hakuuliza, mpaka asubuhi ile alipokuwa kwenye duka la vipuri lililofurika watu, akisugua kioo cha helmeti yake kwa petroli.

"We kaka, unakiua!" Dada wa ovaroli ya buluu alimdaka mkono. "Hicho tunakipulizia utando sisi kiwandani. Plastiki mbili zimechanganywa, ngumu na laini, ndiyo ngozi yake."

"Nisamehe, fundi. Nikuombe radhi hapa au kwa simu?"

"Kwa simu. Hapa unanuka petroli."

Wakapendana. Lakini mapenzi yale yalimvuruga Dereva akili. Jumapili Fundi humkumbatia mpaka mbavu zilie. Siku za kazi hata mkono hampi. Viganja vya Fundi vilikuwa vimepasuka kama udongo wa kiangazi. Dereva akamnunulia mafuta ya waridi. Fundi akayapokea, machozi yakamlengalenga, lakini mafuta hakuyapaka.

"Kazi hairuhusu, laazizi."

"Kazi gani inakataza mafuta?"

"We acha tu."

Kisha siku moja Dereva akayanusa mafuta yale kwa mdogo wake Fundi. "Shemeji, si kanipa dada!" Ana mwingine? Anamdharau? Dereva hakujua ashike lipi. Akaacha kupokea simu.

Siku aliyopokea, Fundi alikuwa analia. "Nimeyachukua yale mafuta kwa mdogo wangu, nikayapaka, ili urudi. Wamenifukuza kazi."

Dereva akafika mbio kwenye geti la kiwanda, haelewi kitu. Fundi akamweleza: mafuta kidogo tu yakigusa kioo, ule utando hukataa kushika, unaacha vishimo vishimo. Trei nzima ya vioo imeharibika. Ndiyo maana wapulizaji hawapaki kitu, wala hawashikani mikono na mtu wa grisi kabla ya zamu. Glovu za kuwakinga na dawa zinazopasua viganja waliziomba tangu enzi za meneja mmoja aliyejibu kila mara "mwezi ujao", akastaafu na mwezi wake.

"Kwa hiyo hukunichoka?"

"Mjinga wewe! Ningepoteza kazi kwa niliyemchoka?"

"Sijui nicheke au nilie. Nikuoe?"

"Nioe. Ila leo sibanduki hapa mpaka wanirudishe, na glovu watoe."

Dereva akazima pikipiki, akaketi chini ubavuni pake. Ndani, wenzake Fundi wakazima mashine, wakatoka mmoja mmoja, wakaketi nao.

Wangali pale. Pole yako kaa nayo. Vaa viatu, njoo getini, sasa hivi.