Alama Kumi na Moja katika Daftari la Babu

Kengele ya mwisho ilipolia, Kidoti hakuwa na haja ya kujiuliza aende wapi. Miguu yake iliijua njia: nyuma ya shule, kupita kibanda cha fundi baiskeli, mpaka kwenye nyumba ya vyumba viwili alimoishi babu yake peke yake. Babu huyo, baba mzazi wa mama yake, alikuwa amegawa barua kwa miaka thelathini na mmoja. Alikuwa amestaafu zamani, lakini wakubwa kwa wadogo waliendelea kumwita Mzee Posta. Yeye ndiye aliyempa mjukuu wake jina la Kidoti, kwa ajili ya alama nyeusi iliyokuwa kwenye shavu lake la kushoto.

"Hodi! Barua!" Kidoti aliita mlangoni.

"Ina stempu?" babu alijibu kutoka ndani.

"Haina!"

"Basi irudi ilikotoka!"

Wakacheka wote wawili, kama walivyocheka jana na juzi. "Shikamoo, babu." "Marahaba, mjukuu wangu. Ingia, kabla sijakutoza faini."

Magoti ya Mzee Posta yalikuwa yamechoka, na macho yake yalikuwa na ukungu. Mwaka uliopita mjomba, kaka yake mama, aliyefanya kazi mji wa mbali, alitaka kumpeleka kwenye makao ya wazee. Babu alikataa katakata. "Mtaa huu naujua mlango kwa mlango," alisema. "Huko nitakuwa kifurushi kisicho na anwani." Mabishano yalikwisha zahanati ilipoanzisha mpango wa kuwatunza wazee majumbani mwao. Mafundi walikuja wakafunga vyuma vya kushikilia bafuni, wakasawazisha kizingiti, wakainua kitanda. Tena akaja mhudumu, dada mmoja mwenye mwendo wa haraka na mkoba wenye mashine ya kupima presha. Babu akambatiza jina siku hiyohiyo: Dada Kipimo.

Dada Kipimo alikuja Jumatatu na Ijumaa. Siku tano zilizobaki zilikuwa za Kidoti, kwa sababu mama yake alifanya kazi kiwandani na kurudi jioni. Kazi yenyewe haikuwa kubwa, ila ilitaka subira. Alipasha chakula, akamsubiri babu ale taratibu, akampa kidonge kimoja cha presha, akahakikisha amekimeza, kisha akaweka alama ya vema kwenye daftari.

"Kidonge hiki hakimezwi tumbo likiwa tupu," Dada Kipimo alikuwa amemwambia. "Na daftari hili ndilo macho yangu siku ambazo sipo. Ukiona jambo, andika. Ukishindwa, andika vilevile."

"Sawa, dada," Kidoti aliitikia.

Kwa miezi minne alama zote zilikuwa za kweli.

Kisha mwalimu wa michezo akamchagua Kidoti kuingia timu ya shule ya mpira wa pete. Alikuwa amelisubiri jambo hilo tangu darasa la nne. Mazoezi yalikuwa Jumanne, Jumatano, Alhamisi na Jumamosi, kuanzia saa tisa mpaka jua lilipokaribia kuzama. Kidoti alifikiri kumweleza mama, lakini aliogopa kuambiwa aiache timu. Akanyamaza.

Jumanne ya kwanza alifika kwa babu akitweta, viatu vimejaa vumbi. Babu alikuwa amekula mkate mkavu na kujilaza. Kupasha chakula kungechukua nusu saa, na mama alimtaka awe nyumbani kabla ya giza. Kidoti alilitazama kopo la dawa, akalitazama daftari. Akatoa kidonge kimoja, akakitumbukiza kwenye mfuko wa sketi ili hesabu ya vidonge ilingane, akaweka alama ya vema.

"Ni leo tu," alijiambia.

Lakini Jumatano ilikuja, ikaja na Alhamisi. Vidonge alivificha kwenye soksi kuukuu chini ya godoro lake. Jioni moja, alipokuwa anaaga, babu alimwita.

"Kidoti, hivi leo nimemeza dawa?"

Kidoti aliinama kufunga kamba za viatu. "Umemeza, babu. Umesahau tu."

Babu alikunja uso kama mtu anayetafuta kitu gizani. "Nimemeza? Mbona sikumbuki hata maji niliyonywea?" Akatikisa kichwa polepole. "Haya. Kama umesema wewe, basi."

Kuanzia hapo, babu aliuliza karibu kila siku ya mazoezi, na kila mara jibu lilikuwa lilelile. Utani wake ulipungua. Alianza kulalamika kichwa kinamgonga, tena akawa anakaa kitako muda mrefu akitazama viganja vyake.

Wiki ya tatu, siku ya Ijumaa, Kidoti alimkuta Dada Kipimo akipima presha mara ya pili, kisha ya tatu. Uso wake haukuwa na tabasamu la kawaida. Alilifungua daftari, akapitisha kidole kwenye alama moja baada ya nyingine.

"Kidoti, babu anameza kila siku?"

"Ndiyo, dada."

"Bila kuruka hata siku moja?"

Kidoti aliangalia sakafu. "Ndiyo."

"Basi dawa hii haimwezi tena," Dada Kipimo alisema. Alasiri hiyohiyo alimpeleka babu kwa daktari. Daktari naye aliliamini daftari. Akaongeza kidonge kimoja kikawa viwili, akaweka na dawa nyingine mpya yenye nguvu zaidi.

Kidoti alitishika. Jumamosi hakwenda mazoezini. Alipasha chakula, akakaa, akampa babu vidonge vyote kama vilivyoandikwa. Alidhani anayarekebisha makosa kimyakimya, bila mtu kujua.

"Naona nyumba inazunguka," babu alisema baada ya muda, ameshika ukingo wa meza.

Kidoti alijua kwamba jambo kama hilo linapaswa kuripotiwa. Namba ya simu ya Dada Kipimo ilikuwa imebandikwa ukutani. Lakini akawaza ataulizwa maswali, na swali moja litazaa jingine. "Pumzika, babu," alisema. "Itapita."

Jumapili mchana alibisha hodi, hakujibiwa. Akabisha tena. Mlango ulikuwa haujafungwa kwa ndani. Alimkuta babu sakafuni, nusu chumbani nusu bafuni, mkono mmoja umenyooshwa kuelekea kwenye chuma cha kushikilia ambacho haukukifikia. Midomo yake ilikuwa mikavu, na damu ilikuwa imeganda juu ya jicho.

"Babu! Babu, amka!"

Babu hakuamka. Kidoti alitoka nje akipiga kelele hadi sauti ikamkauka. Fundi baiskeli aliacha gurudumu likizunguka, akaja mbio, akamnyanyua mzee kama mtoto. "Bado anapumua!" alisema. "Kimbia kiwandani ukamwite mama yako!"

Hospitalini, babu alilazwa kwenye kitanda cha mwisho wa wodi, dripu mkononi. Presha iliyokuwa juu mno siku mbili zilizopita sasa ilikuwa chini kiasi kwamba wauguzi walikuwa wanaipima kila baada ya muda mfupi. Babu alifumbua macho mara moja, akamtazama mama kama mgeni, akayafumba tena.

Mjomba alifika asubuhi iliyofuata, macho mekundu kwa safari. Hata hakukaa.

"Nilisema mimi! Mpango, mpango! Huo mpango ndio huu? Akitoka hapa, nyumba inafungwa. Anakwenda kwenye makao."

"Kaka, baba atakufa kwa majonzi huko," mama alisema kwa sauti ndogo.

"Na hapa alikuwa anakufa kwa nini?"

Dada Kipimo alisimama kando ya ukuta, mkoba wake umening'inia kama kitu kisicho na kazi. Mkuu wake wa zahanati alikuwa amemwambia asiende kwa mzee yeyote mpaka uchunguzi ukamilike. Wazee kumi na wawili walikuwa wanamngojea majumbani mwao, na siku hiyo hakuna hata mmoja aliyepimwa.

Kidoti alikuwa amekaa kwenye benchi la korido. Tangu jana hakuwa ametia kitu mdomoni. Kila alipofumba macho aliuona ule mkono ulionyooshwa. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Kama angesema, mama angemtazamaje? Kama asingesema, je?

Daktari wa wodi alitoka, ameshika lile daftari. Alizungumza na mama na mjomba, lakini Kidoti alisikia kila neno.

"Sielewi. Mgonjwa huyu amemeza dawa kila siku na presha ikapanda. Tumeongeza, imeporomoka. Nashuku moyo au figo. Italazimu kubadili matibabu yote, na kwa hali yake ilivyo, nikikosea anaweza asivumilie."

Hapo miguu ya Kidoti ilisimama yenyewe.

"Hakumeza," alisema.

Wote waligeuka.

"Hakumeza kila siku. Niliandika uongo." Machozi yalimtiririka, lakini aliendelea, kwa sababu alijua akinyamaza hataweza kuanza tena. "Nilikuwa nakwenda mpirani. Siku kumi na moja. Vidonge ninavyo nyumbani, kwenye soksi. Na yeye aliponiuliza, nilimwambia amemeza."

Hakuna aliyempigia kelele. Ingekuwa afadhali wangempigia. Mama aliweka kiganja mdomoni, akakaa kwenye benchi taratibu. Mjomba aligeukia dirishani. Daktari peke yake ndiye aliyesogea, akainama mpaka macho yao yakawa sawa.

"Nionyeshe siku hizo," alisema, akampa kalamu. "Moja moja. Usibahatishe."

Kidoti alizizungushia duara alama kumi na moja. Daktari alihesabu, akavuta pumzi ndefu.

"Kumbe dawa ya kwanza ilikuwa inamtosha kabisa," alimwambia muuguzi. "Sisi ndio tuliomzidishia. Sitisha hizi mpya. Hakuna kubadili kitu kingine."

Siku mbili zilizofuata zilikuwa ndefu kuliko muhula mzima. Presha ilipanda kidogo, ikashuka, ikapanda tena, mpaka hatimaye ikatulia. Siku ya tatu babu aliomba uji. Siku ya nne aliomba kuonana na Kidoti, peke yake.

Kidoti alipiga magoti kando ya kitanda. "Nisamehe, babu."

Babu alipozungumza, sauti yake haikuwa na utani hata chembe.

"Kuanguka si neno. Mifupa yangu imezoea. Lakini nilikuwa nakumbuka, Kidoti. Nilikuwa nakumbuka vizuri kwamba sikumeza. Ukaniambia nimemeza. Nikasema, mtoto huyu hawezi kunidanganya, basi ni akili yangu inayoniaga. Nililia peke yangu, nikidhani nimeanza kupotea nikiwa hai."

Kidoti aliinamisha uso kwenye shuka akalia kwa kwikwi. Babu hakumwambia anyamaze. Baada ya muda mrefu, aliweka kiganja chake kigumu juu ya kichwa cha mjukuu wake, akakiacha hapo.

"Nimekusamehe," alisema. "Ila kidonda kipo. Nipe muda."

Wiki iliyofuata walikutana nyumbani kwa babu: mama, mjomba, fundi baiskeli na mkewe, na Dada Kipimo, ambaye alikuwa ameruhusiwa kurudi kazini baada ya daktari kuandika ukweli wote. Mjomba bado alisitasita.

"Nitajuaje kwamba halitatokea tena?"

"Mimi nashinda hapo jirani kutwa nzima," mke wa fundi alisema. "Jumanne mpaka Alhamisi nitamletea chakula na kumpa dawa mwenyewe. Mngeniambia mapema, ningeanza zamani."

"Jumamosi na Jumapili nipo mimi, kiwandani wamenibadilishia zamu," mama alisema.

Kidoti alisubiri jina lake litajwe, halikutajwa. Akakubali kwamba ndivyo inavyostahili. Ndipo Dada Kipimo alipomgeukia.

"Kidoti atakuja na mama yake siku za Jumamosi. Atapasha chakula, mama ataandika. Tutaona mwezi ujao." Kisha akavuta kigoda, akakaa mbele yake. "Sikiliza, mdogo wangu. Kupenda mpira si kosa, na kazi uliyopewa ilikuwa nzito kwa mtoto. Sisi watu wazima tulipaswa kuliona hilo. Lakini ungesema tu, 'Siwezi siku nne,' leo tungekuwa na huyu mama jirani tangu mwezi uliopita, na babu asingeanguka. Ulipoandika uongo, ulitufumba macho sote: mimi, daktari, na babu mwenyewe. Mzee anaweza kuishi nyumbani kwake na magoti mabovu, na macho mabovu pia. Asichoweza ni kuishi na watu wasiomwambia kweli."

"Nimeelewa, dada," Kidoti alisema.

Mjomba aliushika mkoba wake wa safari, akamtazama baba yake aliyekaa kwenye kiti chake, shuka magotini. "Haya," alisema. "Abaki."

Mzee Posta alifumba macho. Mabega yake yalishuka, na kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitalini, akaomba apewe kitu cha kula.