Waya wa Ardhi

Duka la spea lilikuwa limefurika kama ilivyo desturi ya kila Jumatatu. Watu walibanana bega kwa bega mbele ya kaunta, kila mmoja ameinua juu kitu chake kilichokufa, huyu feni, yule pampu, na muuzaji akiwaita kwa kidole. Katikati yao alisimama mwanamume mrefu, mikono ya ovaroli yake ya buluu imetobokatoboka kwa cheche. Alikuwa amepakata kadi ya umeme ya mashine ya kuchomelea vyuma kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa, akimwomba muuzaji amtafutie mpya.

"Umeipima?" sauti ya mwanamke ikauliza nyuma yake.

Akageuka. Mwanamke huyo alivaa suruali nzito ya kazi na shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi, na leso ya zambarau ameifunga kisogoni. Begani alikuwa na mkoba wenye bisibisi za kila saizi.

"Nipime nini, dada? Imekufa."

"Hata marehemu hupimwa kwanza, ndugu yangu. Imekufaje?"

Akamweleza. Gesi ilitoka, feni ilizunguka, lakini akibonyeza swichi ya mpini, cheche haiji. Mwanamke akamwambia kwamba kwa dalili hizo kadi huenda haina kosa lolote, airudishe mahali pake, naye angepita mchana kuiangalia. Muuzaji akalalamika kwamba anafukuziwa wateja. Wawili wale walikuwa wameshaanza kucheka.

Mtaani mwanamke huyo aliitwa Mita, kwa sababu hakukubali kutaja ugonjwa wa mashine kabla ya kuigusa kwa mita, kipimo chake cha umeme. Mwanamume aliitwa Mstari, kwa kuwa mshono wake juu ya chuma ulinyooka kama uliochorwa kwa rula. Yeye na kaka yake mkubwa walikuwa na karakana ya kutengeneza matangi ya maziwa, kazi isiyotaka mshono wenye tundu hata la sindano. Mama yao na mke wa kaka waliishi nyumba ya nyuma, ua mmoja na karakana.

Mchana ule Mita alichomoa plagi, akasubiri umeme uliojificha ndani ufe, ndipo akafungua gamba la mashine. Akapima waya wa swichi tangu mpinini hadi ndani. Kipimo kikalia, waya mzima. Akaenda kwenye vichwa viwili vidogo vya chuma ambavyo cheche huruka kati yake, akavikuta vyeusi kama chungu. Akavisugua kwa msasa laini, akarekebisha nafasi iliyo kati yake kwa wembe, akafunga kila kitu. Mstari alipobonyeza, moto ukawaka mara moja, mwembamba na mweupe. Kaka mkubwa, mtu mnene wa maneno mengi, akamtazama mdogo wake akasema, "Huyu ukimwacha, nitakufukuza wewe nibaki naye yeye." Tangu siku hiyo akamwita Mita shemeji, kabla wahusika wenyewe hawajaambiana lolote.

Waliambiana baadaye, kwa simu. Mstari alikuwa na mchezo wa kupiga kuripoti magonjwa ya uongo.

"Fundi, mashine inaumwa."

"Mashine au mwenye mashine?"

"Mwenye mashine. Imemshika kifuani."

"Mwambie anywe maji. Nikimaliza kazi nitapita kumpima."

Naye alipita. Walikaa juu ya mabomba yasiyokatwa, wakala pamoja kutoka sahani moja, Mita akimtania Mstari kwa macho mekundu ya moshi na Mstari akimtania kwa kulala na bisibisi chini ya mto. Miezi saba ilipita hivyo. Kaka mkubwa akaahidi kwamba mvua zikikatika angekwenda mwenyewe kwa baba yake Mita kumposea mdogo wake. Mita hakuwa amemwambia baba yake kitu. Alitaka jambo liwe kamili kwanza.

Mvua hazikuwa zimekatika simu ilipolia asubuhi moja, Mita akiwa kwenye foleni ya kliniki na baba yake, ambaye mguu wake wenye kidonda ulikuwa umevimba upya.

"Mpenzi, mashine inakata umeme," Mstari akasema. "Nikiwasha tu, breka ya ukutani inaanguka."

Mita akacheka. Akamuuliza leo imemshika wapi, kifuani au tumboni. Mstari akasema hatanii, tangi linachukuliwa jioni. Wakati huohuo muuguzi akaita jina la baba. Mita akasimama, akamshika mzee mkono, akasema harakaharaka, "Basi iache, usiiguse. Nakuja kesho asubuhi." Akakata simu.

Saa tisa alasiri mke wa kaka alisikia kishindo karakanani. Sakafu ilikuwa imelowa maji ya mvua. Kaka mkubwa alikuwa ameegemea mashine kwa mkono mmoja ili kusogeza tangi kwa mkono wa pili, na umeme ulimshika hapo hapo. Mdogo wake aliichomoa plagi, akamkandamiza kifua mpaka mikono ikafa ganzi. Kaka hakurudi.

Siku ya maziko Mita alikuja amevaa nguo nyeusi, leso imeshuka hadi kwenye nyusi. Mama mtu alimwona, akasimama mbele ya umati wote. Hakupaza sauti. "Huyu ndiye aliyeifungua ile mashine," akasema. "Ilikuwa haimuui mtu kabla hajaifungua." Watu wakageuka kumtazama. Mita akamtafuta Mstari kwa macho. Mstari alikuwa anatazama udongo, na aliendelea kuutazama mpaka Mita alipoondoka.

Kuanzia hapo Mita hakuishi, alipitiwa na siku tu. Alifunga kibanda chake cha kazi. Alilala chali akiifungua mashine ile kichwani, parafujo moja baada ya nyingine, akitafuta mahali alipokosea. Je, aliacha waya umebanwa na gamba? Kwa nini alicheka kwenye simu? Angemwacha baba foleni akaenda, mtu angekuwa hai. Wateja waliokuja aliwaambia hatengenezi tena, na wengine hawakuja kabisa, kwa kuwa habari ilikuwa imetembea. Alipiga simu kwa Mstari mara nyingi, haikupokelewa. Siku ya kumi na moja ikapokelewa.

"Usipige tena," Mstari akasema. "Mama anaiona namba yako."

"Nawe unaamini ni mimi?"

Kisha simu ikakatwa.

Mstari naye alikuwa haendi kazini wala halali. Chakula kilimgeuka majivu mdomoni. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Kwake yeye kilio kilitangulia, na maradhi yakabaki yamefichwa. Kila asubuhi aliamka akisema leo nitasema. Akimwona mama yake ameinamisha kichwa chake chenye mvi, maneno yalirudi tumboni.

Mwezi ulipokaribia kwisha, mjane alikwenda mwenyewe kubisha kwa Mita. Alikuwa amekonda, kanga yake imefungwa ovyo. Alikataa kuketi.

"Kila mtu anajua mume wangu aliuawa na nini," akasema. "Ni mimi tu sijui. Njoo unipimie."

Mita akachukua mkoba wake, wakaongozana. Mashine ilikuwa pembeni, imefunikwa turubai, haijaguswa tangu siku ile. Mstari alisimama mlangoni, ndevu zimemea, ovaroli inamning'inia. Hawakusalimiana. Mita akapiga goti, akaweka ncha moja ya kipimo kwenye gamba la mashine na nyingine kwenye pini ya ardhi ya plagi. Kipimo kilipaswa kulia. Kilinyamaza. Akageuza ncha, akajaribu tena. Kimya.

Akafungua gamba. Pale waya mkubwa unapoingilia, mpira ulikuwa umesuguliwa na ukingo wa bati kwa mtikisiko wa miezi, shaba imechungulia na kugusa bati. Ndiyo iliyokuwa ikiangusha breka. Lakini hiyo peke yake isingemuua mtu; breka ilikuwa inafanya kazi yake. Akaichukua plagi, akaifungua kwa bisibisi ndogo. Waya wa ardhi, ule wa kijani na njano unaokwepesha umeme usimpate mtu, ulikuwa umekatwa kwa koleo, mkato safi, na ncha yake imezungushiwa utepe mweusi kwa unadhifu.

Alimweleza mjane taratibu, akimwonyesha kwa kidole. Kwamba waya huu ulikuwa bado mzima asubuhi ile, maana bila huo breka isingeanguka. Kwamba ukiukata, breka haianguki tena hata umeme ukivuja, na gamba zima linakuwa mtego.

"Nani aliukata?" mjane akauliza.

Mita alikuwa ameshajua. Ni mtu mmoja tu pale aliyefunga utepe kwa mpangilio namna ile. Hakumtaja. Alibaki amepiga goti, plagi wazi kiganjani, akisubiri.

"Mimi," Mstari akasema.

Mama yake alikuwa amefika nyuma yake bila mtu kumsikia. Mstari akageuka, akamwona, akaendelea kusema, kwa sababu asingeweza kuanza tena siku nyingine. Tangi lilikuwa linachukuliwa jioni. Fundi alimkataza kuigusa mashine. Aliukata akidhani ni kwa nusu siku tu, na kaka hakuambiwa. Mjane hakulia wala hakumpiga. Alitoka nje, akakaa chini kwenye matope. Mama akamwendea Mita, akamshika mikono yote miwili, akamwinua kutoka sakafuni.

Wiki tatu baadaye, asubuhi, Mstari alikuja kwenye kibanda cha Mita kilichokuwa kimefunguliwa tena, mbele ya nyumba ya baba yake. Alikuwa amenyoa, amevaa shati la mikono mirefu ambalo Mita alilipenda. Akasema ameacha kuchomelea, anafanya kazi ya kupakia mizigo, na kila anachopata anampelekea mke wa kaka. Akasema hana haki ya kuomba, lakini anaomba. Amuoe. Awe na mtu mmoja duniani anayejua yote.

"Waya nilikusamehe palepale," Mita akasema. "Mtu mwenye haraka hukata waya. Hata mimi nilikuwa na haraka siku ile."

"Basi?"

"Uliniona nazikwa nikiwa hai, ukatazama chini. Karibu mwezi mzima. Simu yangu uliipokea, ukanisikia nikiuliza."

"Niliogopa, mpenzi."

"Najua. Nami nakupenda mpaka sasa, ndiyo maana inaniuma hivi. Lakini kila utakaponyamaza mezani, nitaogopa. Siwezi kuishi nikikupima."

Mstari akapangusa uso kwa mkono wa shati, akaaga kwa heshima kama anavyoaga mgeni, akashika njia. Mita alimtazama mpaka umati wa barabarani ulipommeza. Redio ya mteja ilikuwa wazi mezani mbele yake. Akachukua bisibisi, akashindwa kuona parafujo iko wapi.

Ndani, baba yake alikohoa, akaburuta kiti karibu na dirisha.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Mchumba wangu, baba."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo mbele yake. Mzee akalipima kichwani.

"Sasa mbona hukumkaribisha ndani, mwanangu?"