Sauti Kutoka Shimo la Chunya

Rafiki yangu Mika, mkulima wa huko Chunya, si mtu wa porojo, na jambo hili alinisimulia mara moja tu.

Mwaka 1956 alipotelewa na mbuzi. Alimtafuta mpaka mchana, wingu zito likiwa limetanda, ndipo akamsikia akilia ndani ya shimo la dhahabu lililoachwa. Humo ndimo udongo ulimwangukia Yotamu, rafiki yake tangu utotoni, miaka mingi nyuma. Kijiji kizima kilimpenda Yotamu. Vikongwe aliwapasulia kuni bila kuombwa. Walimfukua, wakamzika kwao.

Mika alipiga magoti mdomoni mwa shimo. Chini kulikuwa na giza tupu. Machozi yakamlenga.

"Yotamu, ndugu yangu," akasema, "bado tunakulilia."

Mbuzi akanyamaza ghafla, kama aliyekabwa. Kisha sururu ikaanza kugonga mwamba huko chini, polepole, mlio ukizidi kupanda juu.

"Nani huyo?" Mika akauliza.

"Mnanililia?" Sauti ilikuwa ya Yotamu, lakini ilijaa chuki ambayo Mika hakuwahi kuisikia kwake alipokuwa hai. "Shuka basi, unililie huku."

Mika alirudi kinyumenyume, akatimua mbio. Sauti ikamfuata nyuma ikiita jina la Tusekile, mke aliyeolewa na Mika baada ya msiba ule, ambaye Yotamu hakuwahi kumwona. Halafu ikaita jina jingine, kwa upole kabisa: jina la mtoto aliyekuwa bado tumboni mwa Tusekile, ambalo Mika alikuwa amelichagua moyoni bila kumwambia mtu yeyote.