Divine wa Swima, Mteja wa Isidore

— Florentine, shika ngazi! Wacha simu, shika ngazi!

Isidore alichelewa kusema. Mkono mmoja wa Florentine ulikuwa kwenye ngazi, wa pili umeshika simu ya mchumba wake, na macho yalikwisha kusoma ujumbe ulioingia sasa hivi:

"Isidore wangu, ile ya jana imeniliza peke yangu kitandani. Nitumie ingine. Divine."

Isidore wangu! Siku tatu kabla ya mahari!

Isidore alikuwa juu ya bati anafuta vumbi kwenye sola. Chini yake ndipo kilipo kibanda chake cha internet. Watu wa mji huu wa Baraka wanalipa kwa saa, wanaangalia filamu, na yeye anawashauri documentaire ipi, yaani filamu ipi ya mambo ya kweli, inafaa na ipi ni ya kupoteza mega za internet bure. Mji mzima unamwita Isidore Documentaire.

— Divine ni nani? Florentine akauliza.

— Divine gani?

— Kumbe uko na ba Divine wengi?

Isidore akachungulia kutoka juu.

— Aa, yule wa kijiji cha Swima! Ni kliya, mteja tu. Sijamuona hata siku moja. Anauliza filamu za kweli, namushauria.

— Ulimushauria nini mpaka analia kitandani?

— Ile ya wazee wanajifunza kuogelea.

— Wazee wanaogelea, mutu analia?

— Uiangalie mpaka mwisho, na we utalia.

Florentine akapandisha mazungumzo kwa kidole. Hakuna kitu. Ujumbe ulikuwa huo mmoja tu.

— Zingine ziko wapi?

— Nazifutaka kila jioni. Simu imejaa.

Imejaa! Haya, wewe msomaji, ungeamini? Na Florentine hakuamini. Mama yake, Mama Marthe, hakumtaka Isidore tangu mwanzo, kwa sababu alizaliwa na wakimbizi wa Burundi katika kambi ya Lusenda. "Ule ni mutu wa kupita," alikuwa anasema. "Kesho atarudi kwabo, akuachie batoto." Florentine ndiye aliyelia na kubembeleza mpaka familia ikakubali. Sasa aolewe Jumamosi, halafu Jumatatu agundue kuna mwenzake Swima?

Akaandika haraka, kwa simu ya Isidore:

"Filamu zitoshe. Kesho saa nne, kwenye restaurant nyuma ya soko. Kuja peke yako."

Jibu likaingia kabla hajameza mate:

"Nitakuja, mpenzi."

Akafuta zote mbili, akarudisha mikono yake kwenye ngazi.

— Shuka pole-pole, akasema kwa sauti tamu sana.

Kesho yake, Alhamisi, alikuwa kwenye kona ya ile restaurant na sahani ya mikeke, samaki wa ziwani, mbele yake. Alikwisha kuchagua matusi, na alikuwa ameyapanga vizuri.

Saa nne kamili akaingia mwanamke, kitenge cha Jumapili, midomo myekundu. Nyuma yake akaja mzee Bertin, mjomba wake Florentine, yule ambaye Jumamosi angepokea mahari.

— Mama?

— Florentine! Mama Marthe akashtuka, kisha akapiga makofi. Vizuri umekuja! Kaa hapa, uone na macho yako. Isidore wako anakuja kuonana na mwanamuke.

— Mwanamuke gani?

— Mi! Ni mi njo Divine!

Florentine alisukuma sahani pembeni.

— Nilinunua laini ingine, mama akaendelea, amejaa ushindi. Mwezi muzima namutega. Bertin njo shahidi. Jumamosi atakataa mahari mbele ya bantu bote. Soma!

Akampa simu. Huku hakuna kilichofutwa. Florentine akaanza juu.

"Isidore, uko na bibi?"

"Niko na mchumba. Kama unapenda mambo ya ndoa, kuko documentaire ya bibi na bwana wanaochoma mikate. Sehemu tatu, zote nzuri."

"Huku baridi ni kali. Ungekuwa karibu yangu…"

"Pole sana. Angalia ile ya wavuvi wa kwenye barafu. Utaona Swima ni joto."

"Mi ni muzuri kupita huyo mchumba wako."

"Inawezekana. Lakini mi namupenda yeye. Ile ya wazee wanaoogelea, umeimaliza?"

Machozi yakamtoka Florentine. Mwanaume alichezewa mwezi mzima na hakuteleza hata mara moja.

— Sasa soma ya mwisho! mama akasema. "Kuja peke yako." Unaona?

Florentine angeweza kunyamaza, na aibu yote ingebaki kwa Isidore. Aliwaza hivyo, sitaficha. Halafu akajichukia.

— Mama, ile ya mwisho niliandika mi.

— Eee?

— Nilifikiri Divine ni mwanamuke wake. Nilikuja kumupiga.

Mzee Bertin akakaa chini, akashika kichwa. Kwao, mama na mkwe hawasemezani wala hawatazamani usoni mpaka mahari ipite. Kila neno linapitia kwa mtu wa katikati.

— Marthe! Umemuita mukwe wako mpenzi?

Mama Marthe akafuta midomo kwa pembe ya kitenge.

Wakaenda kibandani wote watatu. Florentine akaingia, akamwambia Isidore kila kitu bila kujitetea. Mama akabaki nje, kitenge kichwani, mgongo kwenye ukuta wa bati.

— Florentine, umuambie nimekosa, akasema. Bwana yangu alinitoroka, akaenda Ubwari kwa mwanamuke mwengine. Niliogopa mutoto wangu apate vile.

Isidore hakuhitaji kuambiwa, alisikia.

— Florentine, umuambie mama, nilizaliwa kambini. Kila pahali wananiuliza karatasi, mi ni nani, natoka wapi. Nilizani kwenu sitaulizwa tena.

— Mi pia nilikuuliza, Florentine akasema. Makosa yangu ni kubwa kupita ya mama. Yeye hakujui. Mi nakujua.

Mzee Bertin akakohoa mlangoni.

— Mwanangu, ile Jumamosi…

— Jumamosi sitakuja.

Florentine akafunika uso. Nje, mama akaanza kulia.

— Jumamosi ni mbali, Isidore akasema. Iko siku mbili nzima, mutapata wakati wa kunitega tena. Tutakuja kesho asubuhi, mi na baba zangu.

Mama Marthe akasahau desturi yote. Akageuka, akasimama mlangoni, akamtazama mkwe wake usoni.

— Kuja, mutoto wangu, akasema. Hata mukute hatujapika, kuja.